Shoki Zilizopakwa Rangi Nyeusi

Mimi ni mzee wa hasira na siombi radhi. Nimetengeneza magari tangu nikiwa na nywele kichwani, Kitale kwanza, halafu Bungoma, halafu Kitale tena. Sasa nimestaafu, nakaa Matisi na magoti mawili yasiyotaka kukunjika. Daktari ananiambia nisikasirike, ati presha. Basi awaambie vijana wasipite mbele ya lango langu na gari linalodundadunda, halafu nikiuliza, mwenyewe anijibu, "Mzee, si nimebadilisha shoki juzi tu!"

Juzi tu. Umebadilisha nini, mtoto wangu?

Nawaandikia ninyi mnaoshika spana leo, wa gereji na wa nyumbani, kwa sababu nimeona simu zenu. Mnaangalia video ya dakika tano, mtu ana sakafu ya saruji na taa kila pembe, anafungua nati kwa vidole viwili kwa sababu gari lake halijawahi kuonja matope ya Trans-Nzoia. Kisha mnakuja kulala chini ya gari lililoshikiliwa na matofali. Sina ugomvi na mtu anayetaka kubadilisha shoki nyumbani kwake. Za nyuma ni kazi ya asubuhi moja. Ugomvi wangu ni na anayeifanya bila kujua anachokishika, na zaidi sana ni na yule anayejua na bado anadanganya.

Kwa asiyejua, shoki ni ule mtungi mrefu mwembamba unaosimama kati ya gurudumu na bodi, wenye mafuta ndani na fimbo ya chuma inayong'aa. Springi ndiyo inayobeba gari. Shoki inaituliza springi, isiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo. Ikichoka, tairi haishiki barabara tena, inaigusa na kuiacha. Breki zinachelewa, gari linayumba kwenye kona, na aliye kiti cha nyuma anakula kila tuta kwa mgongo wake.

Naongea habari ya mgongo kwa sababu ya Mwangi.

Mwangi ni mume wa jirani yangu, Mwalimu Nekesa, anayefundisha shule ya msingi hapa Matisi. Alikuwa akinunua mahindi Moi's Bridge, mpaka siku alipoteleza juu ya lori lililojaa magunia akaanguka chali. Walimpasua Bungoma, wakamtia vyuma, na daktari akasema atatembea tena iwapo atarudi kila Alhamisi kufanyishwa mazoezi, bila kukosa. Kila Alhamisi basi, Kitale mpaka Bungoma na kurudi, akiwa amelazwa kiti cha nyuma cha stesheni wagoni yao ya zamani. Matuta ya njia hiyo mnayajua. Mimi niliwahi kujaribu kuyahesabu, nikachoka kabla sijafika Kamukuywa.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, Mwangi alikataa kwenda. Alimwambia mkewe, "Mama Njeri, niache tu nikae. Hiyo gari inanivunja vile daktari ananiunga."

Alhamisi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ijumaa yake jioni, Mwalimu akasimama langoni kwangu, mikono kifuani, uso wa mtu aliyekamata darasa zima likinakili.

"Mzee Barasa, hiyo gari nimebadilisha shoki za nyuma mara tatu tangu Krismasi. Mara tatu!"

"Nani alikubadilishia?"

"Si huyo fundi wa barabara ya Kiminini. Ati ni za Japani, zimepitia mpaka wa Suam. Zilikuwa nyeusi tititi, unaona kabisa ni mpya."

"Uliijaribu gari?"

"Nilibonyeza nyuma vile baba yangu alinifunza. Ikapanda mara moja ikatulia. Nikasema sasa iko sawa. Wiki mbili, Mzee. Wiki mbili tu ikaanza tena kuruka kama mbuzi."

Nilisimama, magoti na yote. "Nani alimfundisha kazi huyo mtu?" nikapiga kelele mpaka mke wangu akachungulia dirishani. "Hivi huyo ana mama? Nani alimfundisha kazi?"

"Mimi sijui nani alimfunza na sitaki kujua," Mwalimu akasema. "Sitaki fundi mwingine aguse hiyo gari. Leo nimenunua zingine Bungoma, kwa duka, ziko na boksi na risiti. Kesho nitazifunga mwenyewe, kwangu nyumbani. Wewe utakaa kwa kiti unielekeze."

"Mwalimu, ushawahi kushika spana?"

"Mzee, nafunza watoto sabini kwa darasa moja. Nati itanishinda?"

Nikaona huyu nimpe kazi papo hapo. Nikamwambia arudi kwake kabla jua halijazama, asugue kila nati na kila bolti ya shoki zile kwa brashi ya waya, kisha azipake mafuta ya kulegeza kutu na aziache zilale hivyo. Vijana, hili hamlifanyi. Mnakuja asubuhi mnaparamia nati yenye kutu kwa spana isiyoitosha, mnaila kona zote, kisha mnaita nyundo na patasi. Kutu haitaki nguvu, inataka usiku mmoja.

Mimi nilifunzwa na Mzee Ndirangu, ambaye wazazi wake walihamia Kitale kutoka Nyeri akiwa bado mgongoni. Gereji yake ilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, ovaroli zetu zikawa na grisi mbele na unga nyuma. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nakumbuka shoki ya kwanza niliyofunga peke yangu. Kila nikikaza nati ya juu, ile fimbo inazunguka pamoja nayo, haikazi. Nikachukua koleo la meno, nikaibana fimbo pale inapong'aa, nikakaza mpaka mwisho. Nikajiona bingwa wa Kitale nzima.

Mzee Ndirangu akaja akatazama. Akanishika mkono, akanipitishia ukucha wangu mwenyewe juu ya fimbo ile. Ukucha ukakwama.

"Umesikia hiyo?"

"Nimesikia."

"Ndani kuna mpira unapanguza hii fimbo kila ikipanda, kila ikishuka. Sasa wewe umeiwekea meno ya msumeno. Ule mpira utakatika, mafuta yote imwagike. Sasa enda umwambie mwenye gari."

Mwenye gari alikuwa nje, amekaa kwenye gurudumu kuukuu akisoma gazeti. Nikajikuna kichwa. "Lakini Mzee, si wewe ndio mwenye gereji?"

"Gereji ni yangu," akasema. "Mkono ni wako. Enda na mdomo wako."

Nilienda. Yule mtu alinitukana matusi ya Kibukusu ambayo sikuwa nimeyasikia hata kwa babu yangu. Lakini tangu siku hiyo sijashika fimbo ya shoki na koleo. Ncha ya fimbo, juu kabisa, ina pande mbili bapa. Unaishikilia hapo kwa spana ndogo, nati unaizungusha kwa spana nyingine. Ni hilo tu, na bado kila wiki naona fimbo zilizotafunwa.

Watu walikuwa wakimletea Mzee Ndirangu shoki zilizovuja wakimwomba azijaze mafuta. Zamani hizo spea zilikuwa shida. Alikataa wote, hata wenye vyeo. "Hii imekufa," alikuwa akisema. "Mimi sivalishi maiti suti." Sisi vijana tulimcheka. Tulimwona mzee mgumu anayefukuza wateja.

Basi, Jumamosi asubuhi nikapelekwa pamoja na kigoda changu uani kwa Mwalimu. Mwangi alikuwa barazani, ameegemezwa mito, blanketi magotini. Tukasalimiana. Akasema, "Mzee wangu, huyu mama akishindwa, usinifiche."

"Akishindwa nitakuwa nimeshindwa mimi," nikamjibu. Mwalimu alikuwa amevaa ovaroli ya mumewe, mikono imekunjwa mara tatu.

Gari lilikuwa limesimama mahali palipo sawa, gia imetiwa, mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Nati za gurudumu zinalegezwa gari likiwa bado chini, kisha ndipo jeki. Na jeki ni ya kuinua, si ya kukaa chini yake. Mwalimu alikuwa ameazima stendi mbili za chuma. Aliponiuliza kama matofali hayangetosha, nilimwonyesha kovu langu la mguu wa kushoto. Hilo nililipata Moi's Bridge nikiwa na miaka yenu, gari juu ya matofali ya kuchoma, mazuri, mekundu. Nilikuwa nimetoka tu chini yake, bado mguu, tofali likasambaratika likawa vumbi. Ningechelewa muda wa kusema neno moja, leo mngekuwa mnasoma kitu kingine. Tofali linabeba nyumba kwa sababu nyumba haitikisiki.

Gurudumu la kushoto likatoka. Nikamwambia apeleke jeki chini ya ekseli, ile fimbo nene inayounganisha magurudumu ya nyuma, aiinue kidogo tu mpaka ishike uzito. Kwenye magari mengi shoki ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukiifungua bila kushikilia, ekseli inadondoka na kuvuta paipu ya breki. Paipu ikikatika hujui, mpaka siku utakapokanyaga breki pale mteremko wa daraja.

Na mumsikilize mzee hapa: naongea juu ya shoki za nyuma ambazo springi imekaa kando yake. Zile za mbele ambazo springi imevishwa juu ya shoki, zikiwa zimebanwa pamoja, msiziguse nyumbani. Springi ile ikifyatuka bila chombo cha kuibana, haichagui pa kupiga. Hizo peleka kwa fundi mwenye chombo, kama bado mnamjua fundi mwaminifu.

Nati ya juu ilikuwa ndani ya buti, pale pa kuwekea mizigo, chini ya kifuniko. Mwalimu akaingia nusu mwili, miguu nje. Nikasikia akiongea na nati ile kwa sauti ya mwalimu. Ikalegea. Mafuta ya usiku yalikuwa yamefanya kazi yake. Bolti ya chini ikatoka baada ya jasho kidogo, na shoki ikaanguka mikononi mwake.

"Haya, Mzee. Maiti ndiyo hii."

Akaisimamisha chini, akaibonyeza. Ikaingia bila kupinga. Akaivuta, ikatoka bila kupinga. Ukiisukuma shoki nzima, inakataa polepole mwanzo hadi mwisho. Hii ilikuwa pampu ya baiskeli iliyotoboka. Na kweli ilikuwa nyeusi tititi, inameta, mtu angedhani imetoka kiwandani jana.

Moto ukanipanda. Nilisema kila kitu. Nilisema juu ya watu wanaouza rangi kwa jina la shoki. Nilisema juu ya wale wanaokata vipande vya tairi kuukuu na kuvichomeka katikati ya springi, gari likanyanyuka, mwenyewe akafurahi, kisha likawa gumu kama mkokoteni. Nilisema juu ya wale wanaotia mafuta mazito ya gia ndani ya shoki, ili mteja akibonyeza gari pale gereji aone linatulia. Mafuta yale yakishapata moto barabarani yanageuka povu, na povu halizuii kitu. Mwangi alikuwa akitikisa kichwa barazani. Nikainua sauti zaidi. "Nani alimfundisha kazi huyu mtu? Huyo aliyemfundisha ndiye wa kufungwa! Mwalimu, nipe hiyo kitu."

Akanipa. Nikachukua kisu, nikaivuta fimbo mpaka mwisho, ili niuone mwili wa mtungi sehemu ile inayofichwa na kikombe cha kuzuia vumbi shoki ikiwa imefungwa. Nilikuwa nikitafuta mahali walipotoboa. Mkono wangu ulienda penyewe. Vidole viwili kutoka ukingoni, upande unaotazama ndani. Nikakwangua rangi.

Tone moja dogo la kuchomelea. Limepigwa tupa kwa mshazari mpaka likawa sawa na mtungi, usiweze kulisikia kwa kidole.

Nikalikwangua tena. Mwalimu akangoja niendelee na hotuba.

"Mzee? Kuna nini?"

Vijana, hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, nikawa nazungukazunguka.

Mzee Ndirangu alipofariki, nilishuka Bungoma nikafungua gereji yangu. Siku moja akaja mwalimu mmoja wa shule za mbali, shoki zimevuja, spea hakuna, na kesho yake alikuwa amsafirishe mama mgonjwa. Nikaona nimsaidie. Nikatoboa tundu, nikatia mafuta, nikaziba kwa kuchomelea. Nikamwambia wazi kwamba ni ya kusukuma siku mbili tatu. Akashukuru sana. Alipokuja wa pili nikamwambia wazi pia. Wa tatu sikumwambia vizuri. Wa nne nikapaka rangi, maana lile kovu lilikuwa linaonekana vibaya. Baadaye nikawa nanunua shoki zilizotupwa, nazijaza, nazipaka, natundika ukutani. Nikagundua kwamba ukitoboa vidole viwili chini ya ukingo, kikombe kinaficha kila kitu, na kwamba tupa ikienda kwa mshazari rangi inashika vizuri zaidi. Nilijivunia ugunduzi huo. Nilikuwa na vijana waliokuja kujifunza kwangu, na aliyekuwa mwepesi kuliko wote aliitwa Wanyonyi. Nilimshika mkono nikamwonyesha. Nikampimia kwa vidole vyake.

Niliacha baada ya miaka michache, si kwa sababu ya dhamira. Spea za bei nafuu zilianza kupatikana, nikaona kazi ile haina faida. Kisha nikasahau. Mtu husahau alichofanya yeye upesi kuliko alichofanyiwa. Nikaanza kuzeeka, nikaanza kukasirikia mafundi wa siku hizi.

"Mwalimu," nikasema, "yule fundi wa Kiminini anaitwa nani?"

"Wanaita Wanyonyi. Kwa nini?"

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mwingine pale uani aliyejua. Lakini nilisikia ile sauti ya nyuma ya kinu cha mahindi, enda na mdomo wako, na safari hii mwenye gari alikuwa mbele yangu na mwenye mgongo alikuwa barazani.

"Ni mimi niliyemfundisha," nikasema. "Hili tundu, hapa lilipo, ni mimi nililianzisha. Hata hii tupa ya mshazari ni yangu."

Mwangi akajisogeza kwenye mito yake taratibu, kwa maumivu, mpaka akaniona vizuri.

"Kwa hivyo, Mzee wangu," akasema, "ni wewe umekuwa ukinipiga ngumi kila tuta."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Nikasema, "Ni mimi."

Nilitegemea Mwalimu anifukuze. Ningekuwa yeye ningenifukuza, na kigoda kingenifuata hewani. Yeye alijipangusa mikono kwenye ovaroli polepole. Akainama, akaokota spana. Akaninyooshea.

"Basi shuka kwa hicho kiti," akasema. "Hii ya pili utafungua wewe."

"Magoti yangu, Mwalimu..."

"Na mgongo wake?"

Nikashuka. Nilichukua muda kama ng'ombe anayelala, goti moja, likalia, la pili likajibu. Nikalala chali kwenye gunia chini ya gari la watu, umri huu, kutu ikinidondokea machoni, na hakuna aliyenihurumia. Nikafungua shoki ya kulia. Nayo ilikuwa na tone lake, vidole viwili.

Zile mpya tulizifunga pamoja. Mwalimu alikuwa juu ndani ya buti, mimi chini. Kabla ya kufunga nilimwonyesha jinsi ya kuisimamisha kila moja wima, kuibonyeza na kuivuta taratibu mara tano sita, mpaka hewa itoke na isukumike kwa ugumu ule ule kila mahali. Shoki ya gesi inakuja imefungwa mkanda. Usiukate mpaka uwe tayari kuiingiza mahali pake. Na shoki hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, kwani mpya upande mmoja na mzee upande wa pili ni gari linalochechemea. Nati ya juu unakaza mpaka mpira ulio chini yake uvimbe ulingane na upana wa washa, ile pete ya chuma, basi. Ukiuminya mpaka upasuke, utasikia kelele ya ko-ko-ko mpaka uchukie gari.

Bolti ya chini tuliiacha bila kuikaza mpaka mwisho. Tulirudisha magurudumu, tukateremsha gari chini, Mwalimu akalidundisha na kulibonyeza likae kwa uzito wake, ndipo nikaingia tena chini kukaza. Hili pia ninyi hamlifanyi. Mnakaza gari likiwa linaning'inia hewani, kisha likishuka ule mpira wa bushi, ulio kwenye tundu la bolti, unakuwa umesokotwa, unapasuka kabla mwezi haujaisha. Baada ya siku chache za barabara, kagua tena nati zote.

Alhamisi waliondoka asubuhi. Nilikaa langoni tangu saa nane mchana, sikula. Nililisikia gari kabla sijaliona, yaani sikulisikia, maana tuta la hapa kwetu lilikuwa likinipa habari kila linapopita, na siku hiyo halikusema kitu. Mwalimu akasimamisha. Mwangi alikuwa kiti cha nyuma, shavu lina alama ya mto.

"Mzee wangu," akasema, "nimelala njiani."

"Alikuwa anakoroma toka Chwele mpaka Kamukuywa," Mwalimu akasema. "Nilikuwa naona haya mbele ya polisi wa barabara."

Nikaingia ndani upesi nisije nikalia barabarani. Nikalia ndani.

Kesho yake nilitia zile shoki mbili nyeusi kwenye gunia, nikaenda Kiminini. Wanyonyi siku hizi ni mtu mzima, tumbo, shati lenye kola. Aliponiona aliacha mteja akaja kunipokea kwa mikono miwili. "Mwalimu wangu! Kaa, Mzee, kaa." Akawageukia watu waliokuwa wakingoja. "Mnaona huyu mzee? Kila kitu najua kwa hii kazi, ni huyu alinifunza."

Aliyasema kwa kujivunia. Nyuma yake, ukutani, shoki zilikuwa zimetundikwa safu tatu, nyeusi, zinang'aa. Nikatoa ile maiti ya gari la Mwangi nikaiweka mezani, kovu likitazama juu.

Akaliangalia, akanipunguzia sauti. "Lakini Mzee, si ni vile ulinionyesha?"

Nilikuwa nimepanga maneno makali toka Matisi. Yote yaliisha hapo. Angekuwa amenitukana, ningemjibu. Lakini alikuwa amesema kweli, tena kwa heshima.

Sikukaa. Nilitoa kisu mfukoni, nikaenda ukutani, nikatungua shoki ya kwanza, nikaivuta fimbo mpaka mwisho. Nikapima vidole viwili nikakwangua rangi mbele ya wateja wake wote. Tone likaonekana. Mama mmoja aliyekuwa na mkoba mkononi akasogea karibu.

Wanyonyi akanishika kiwiko. "Mzee, tafadhali bana. Unaniharibia kazi."

"Hii kazi niliiharibu mimi kabla yako," nikamwambia. "Mama, njoo uone. Hili tundu ni langu."

Halafu nikatungua ya pili.